Sura ya Saba: Kisu cha Kwanza

Watu wa mwambao wa Tanga, kuanzia Moa iliyo karibu na mpaka hadi Pangani na Mkwaja, wana swali moja ambalo hulileta mbele ya tabibu kwa namna mbalimbali, baadhi yao kwa sauti na wengine kwa kunong'ona wakiwa tayari wameshika mlango: je, ni kweli kwamba uvimbe wa saratani ukiguswa na kisu huamka, ukatapakaa mwilini na kumwua mwenyewe kabla ya wakati wake? Swali hili halistahili kubezwa, maana limezaliwa na mambo ambayo watu wameyaona kwa macho yao. Fulani alikuwa na kinundu pajani, akakaa nacho miaka miwili pasipo maumivu, akaenda kukikata, kikarejea baada ya miezi michache kikiwa kikubwa kuliko kilivyokuwa, na mwaka wa pili haukumkuta. Jirani aliyeyashuhudia hayo yote hawezi kuambiwa kwamba hakuona alichokiona.

Jawabu nitakalolieleza katika sura hii ni kwamba kisu hakiamshi saratani, walakini kisu cha haraka, kilichoshikwa kabla maradhi hayajafahamika, huweza kuharibu mpango wa matibabu hata ikawa taabu kuutengeneza tena. Iko aina moja ya saratani ambayo kwayo jambo hili ni kweli kuliko kwa nyingi nyingine, nayo matabibu huiita sarkoma ya tishu laini. Ni maradhi ya nadra, lakini nimeyatengea sura nzima kwa sababu hatima ya mgonjwa wake aghalabu huamuliwa siku ya kwanza, katika chumba kidogo, na mtu ambaye huenda hakujua alichokuwa akikikata.

## Maradhi yenyewe

Tishu laini ni jina la jumla la vitu vinavyojaza na kuunganisha mwili baina ya ngozi na mifupa: misuli, mafuta, mishipa ya damu, neva zinazopeleka hisia na amri, kano, na utando unaofunika hayo yote. Saratani iliyoanzia katika kimojawapo cha vitu hivyo ndiyo sarkoma ya tishu laini. Katika kila watu wazima 100 wenye saratani, mmoja hivi ndiye mwenye maradhi haya, na ndani ya uchache huo mna aina zaidi ya 50, zilizo mbalimbali kwa tabia na kwa ukali. Huweza kuota popote, hata nyuma ya matumbo, ila mahali pake papendwapo zaidi ni mguu, na katika mguu ni paja.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wamezoea kusikia habari za sarkoma ya Kaposi, iliyopewa jina la tabibu Moritz Kaposi aliyeieleza huko Vienna mwaka 1872, ambayo ilijulikana Uganda na Kongo tangu kabla ya UKIMWI na kisha ikazidi sana pamoja na maradhi hayo. Hiyo ina njia yake mbali. Husababishwa na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994, mara nyingi hutokea kama madoa na vinundu vingi vya ngozi, na matibabu yake kwa mwenye VVU huanza kwa dawa za kufubaza virusi. Simo nayo humu. Ninazungumzia kinundu kimoja cha mtu mzima, kilicho bado mahali pake, ambacho hakijatuma mbegu zake mapafuni wala kwingineko. Maana huyo ndiye mgonjwa anayeweza kupona kabisa, na ndiye anayepotea bure akishughulikiwa ovyo.

## Uvimbe upi wa kuogopwa

Vinundu vingi vya mwili ni salama, na ni wajibu kulisema hilo mapema ili msomaji asiingiwe na hofu kwa kila donge la mafuta alilonalo begani. Kwa kila kinundu kimoja cha sarkoma viko 100 na zaidi visivyo na saratani. Kwa hiyo hekima ni kujua alama zinazokitenga kimoja na mia, nazo ni hizi:

- kimezidi sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu vya mtu mzima vikibanwa pamoja;
- kinakua, iwe kwa wiki au kwa miezi;
- kiko ndani chini ya utando wa misuli, hakichezi kikisukumwa, hasa mtu akikaza msuli;
- kimerejea mahali palepale baada ya kukatwa;
- kinauma, ingawa kutouma si hoja ya usalama, kwa kuwa sarkoma nyingi haziumi kabisa mpaka zimekuwa kubwa.

Alama moja tu yatosha kumpeleka mtu hospitali, na kinundu kilicho kidogo lakini kinachokua karibu na kifundo au goti la kijana kisidharauliwe kwa udogo wake, kwani iko aina ya sarkoma ipendayo mahali hapo na umri huo ambayo hukua polepole mno.

Mwambao wetu una jambo lake la ziada. Sisi ni watu tuliozoea miguu iliyovimba, kwa sababu matende na mabusha, yaletwayo na minyoo isambazwayo na mbu, yamekaa nasi karne na karne, hata uvimbe wa mguu umekuwa kitu kisichomshtua mtu. Lakini matende huvimbisha mguu wenyewe, aghalabu kuanzia wayo na kifundo na kupanda juu, na ngozi ikawa nene. Ilhali sarkoma ni donge lenye mipaka unayoweza kuizunguka kwa vidole, na mguu uliobaki waweza kuwa mzima. Kadhalika uvimbe mgumu wa kinena au wa korodani ambao hauingii ndani ukisukumwa, wala haufanani na maji ya busha, usihesabiwe ngiri kwa mazoea. Daktari mwangalifu hupiga kwanza picha ya ultrasaundi, kwa sababu sarkoma ya mafuta huweza kuota hapo hapo.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kigombe ambaye aliteleza chomboni, paja likagonga ubavu wa ngalawa, na baada ya wiki akapapasa donge. Yeye na jamaa zake wote watasema ni damu iliyovilia, na huenda wasikosee. Ila damu iliyovilia hupungua kadiri siku zinavyopita, na pigo halizai sarkoma. Lifanyalo pigo ni kumpelekea mtu mkono wake mahali ambapo donge lilikuwapo tangu zamani. Ikiwa wiki sita zimepita na donge la mvuvi huyu halijapungua, au limezidi, basi hadithi ya ngalawa haina kazi tena. Nasikitika kusema kwamba katika wiki hizo sita ndipo wengi hukandwa kwa mafuta, hupigwa chuku au huchanjwa chale juu ya uvimbe wenyewe. Sisemi hayo kwa chuki juu ya waganga wetu, ambao wanaaminiwa na watu na wangeweza kuwa wa kwanza kumwelekeza mgonjwa hospitali. Nasema kwa kuwa ngozi iliyojeruhiwa juu ya donge huingia vidudu, na mpasuaji hulazimika baadaye kuiondoa pia.

Kwa ufupi: uvimbe mkubwa, wa ndani, unaokua au uliorejea upigwe picha na uchunguzwe kabla haujakatwa, hata kama mwenyewe hasikii maumivu.

## Sindano kabla ya kisu

Yule mgonjwa tuliyeanza naye, aliyekatwa kinundu kikarejea, alipatwa na nini hasa? Sarkoma inapokua huusukuma na kuubana mwili ulioizunguka, hata ikajitengenezea ganda. Mpasuaji asiyeishuku hupasua ngozi, akaliona donge zuri la mviringo lenye ganda lake, akaingiza kidole na kulichopoa lote mara moja, akafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Walakini ganda lile halikuwa ukuta. Limejaa chembe za saratani, na nyingine zimekwisha kulivuka. Matabibu waliowapasua tena wagonjwa wa namna hii wamekuta mabaki ya saratani katika theluthi yao, na katika vituo vingine zaidi ya nusu. Kilichorejea kwa mgonjwa yule kilikuwa ni kile kile kilichoachwa, hakuna kilichoamshwa.

Utaratibu wa haki basi huanza kwa picha. Iliyo bora kwa mguu na mkono ni ile ya MRI, mashine itumiayo sumaku kubwa kuonyesha nyama za ndani tabaka kwa tabaka, ili ijulikane donge limegusana na mshipa gani, neva gani na mfupa gani. Baada ya picha, wala si kabla yake, huchukuliwa kinyama cha kuchunguzwa, kitendo kiitwacho biopsi. Mgonjwa huchomwa ganzi, kisha sindano nene iliyo wazi katikati huingizwa katika donge na kutoa vipande vyembamba kadhaa. Mahali pa kuichoma hiyo sindano hapachaguliwi kwa bahati: tundu lake liwe pale ambapo mpasuaji atakata baadaye, ili njia iliyopitiwa na sindano iondolewe pamoja na donge. Ikiwa hapana budi kupasua ili kupata kinyama, mpasuo katika mguu au mkono ufuate urefu wa kiungo, usikikate kwa upana, maana kovu la upana humlazimisha mpasuaji wa pili kuondoa nyama nyingi mno. Woga wa kwamba sindano itasambaza saratani nimeusikia mara nyingi, nami nawajibu wenye woga huo kwamba hatari hiyo katika kiungo ni ndogo sana, na ukilinganisha na hatari ya kukata bila kujua haina uzito.

Vipande hivyo hutiwa katika dawa ya formalini na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, yaani tabibu asomaye maradhi kwa darubini. Huyo ndiye atakayesema ni aina gani na ina ukali wa daraja gani, kuanzia la 1 lililo pole hadi la 3 lililo kali. Hapa pana jambo ninaloliomba kwa kila msomaji, awe mgonjwa, mwuguzi au daktari wa kituo cha afya kilicho mbali: kinyama chochote kilichotolewa mwilini mwa mtu kisitupwe. Kinundu kilichotupwa kwenye ndoo kimekwenda na habari zake zote, na mgonjwa akirejea na uvimbe mpya hapana ajuaye ni nini kilichokuwa pale.

Kipimo kingine cha lazima ni picha ya kifua, bora zaidi kwa mashine ya CT, kwani sarkoma ikihama husafiri kwa damu, na kituo chake cha kwanza aghalabu ni mapafu.

## Njia panda ya Segera

Mkazi wa Tanga huanzia Hospitali ya Bombo, ile iliyo juu ya jabali linalotazama bahari, na hapo huweza kuchunguzwa na kuandikiwa rufaa. Kutoka mjini barabara hupita Muheza na kufika Segera, ambapo hugawanyika: mkono wa kushoto huteremka Chalinze hadi Dar es Salaam, na wa kulia hupanda Korogwe na Mombo hadi Moshi, takriban kilomita 350 kila upande. Moshi iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye kituo chake cha saratani tangu 2016. Dar es Salaam ziko hospitali ya Muhimbili pamoja na taasisi yake ya mifupa, MOI, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo imo katika jengo la hospitali lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na ikawa taasisi inayojitegemea mwaka 1996.

Nauli ndiyo ndogo katika gharama zote. Iliyo kubwa ni muda, maana matibabu haya huhitaji wiki nyingi karibu na hospitali, na mtu wa Kigombe asiye na ndugu Temeke wala Mbagala hukata tamaa katikati ya safari. Kwa hiyo kikao cha familia, ambacho kwetu hakikosekani, kiwe cha kutafuta mwenyeji, mtu wa kumsindikiza mgonjwa, na mtu wa kushika chombo chake cha uvuvi, kabla ya kuwa cha kubishana kama aende au asiende.

## Upasuaji

Kuondoa sarkoma kwa kisu ndiyo nguzo ya matibabu. Mengine yote ni ya kuisaidia. Mkulima wa minazi anapohamisha mche haung'oi ukavuliwa udongo wake; huchimba mbali na shina, akautoa pamoja na donge la udongo lililoshika mizizi isiyoonekana. Mpasuaji wa sarkoma naye hulitoa donge likiwa limefunikwa pande zote na nyama nzima, kiasi cha sentimita 1 au 2, au utando mgumu wa misuli uliosimama badala yake, wala macho yake hayapaswi kuliona donge lenyewe tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Kisha nyama iliyotolewa hurudi kwa mtaalamu wa patholojia, achunguze kingo zake kama ni safi.

Ndipo huja swali ambalo mvuvi wetu alikuwa akilificha tangu Bombo. "Daktari, mguu wangu utakatwa?"

Zamani jawabu lilikuwa ndiyo. Hata katika nchi tajiri mwenye sarkoma ya paja alikatwa mguu, kwa dhana kwamba kadiri unavyokata mbali ndivyo unavyookoa maisha. Dhana hiyo ilipimwa katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambako wagonjwa 43 waligawanywa kwa kura: 16 wakakatwa kiungo, na 27 wakaondolewa uvimbe peke yake kwa upana wa kutosha, kisha wakatibiwa kwa mionzi. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1982, uvimbe ulikuwa umerejea mahali pake kwa wanne kati ya wale 27, na kwa wale waliokatwa haukurejea kwa yeyote. Lakini kwa upande wa kuishi, makundi mawili hayakupitana. Viungo vile 16 havikuwanunulia wenyewe hata siku moja zaidi.

Watu 43 ni akali, lakini mambo yaliyofuata katika miaka 40 na zaidi yameuthibitisha msimamo huo, na leo katika vituo vikubwa wanaokatwa kiungo hawafiki 10 katika kila wagonjwa 100. Neva kubwa ya nyuma ya paja ikilazimika kuondolewa, mtu huweza kutembea kwa kifaa cha kushikilia wayo. Mshipa mkubwa wa damu ukitolewa, huweza kuungwa mwingine. Hata hivyo wako ambao kukatwa mguu ndiyo khiyari njema kwao, nao ni wale waliochelewa hadi donge limepasuka na kunuka, au limezingira mfupa, mishipa na neva kwa pamoja. Uchungu wangu ni kwamba kwetu wengi wa hao walichelewa kwa kuogopa kukatwa mguu.

## Mionzi, na dawa

Mionzi ni miale yenye nguvu isiyoonekana kwa macho, ambayo huvunja uwezo wa chembe za saratani kujizidisha. Ocean Road imekuwa ikitibu kwayo kwa miongo mingi, na tangu 2018 inazo mashine za kisasa zaidi ziitwazo linaki, zinazolenga mahali pa ugonjwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zile za kobalti zilizotangulia. Mwenye uvimbe mdogo, wa juujuu, wa daraja pole, uliotolewa wote kwa kingo safi, huenda asiihitaji. Mwenye uvimbe mkubwa wa ndani wa daraja kali huihitaji takriban daima.

Je, itangulie kisu au ikifuate? Matabibu wa Kanada waliwagawa wagonjwa kwa kura ili kulipima jambo hili, na majibu yao ya mwaka 2002 yakaonyesha kwamba njia zote mbili huzuia uvimbe usirejee kwa kiasi kimoja, ila kila moja ina bei yake. Ikitangulia, hutolewa kipimo kidogo, grei 50 (grei ni kizio cha kupimia mionzi) kwa siku 25 za matibabu, yaani wiki 5 bila Jumamosi na Jumapili, halafu mgonjwa hungoja wiki 4 hadi 6 ndipo apasuliwe. Lakini vidonda vilisumbua kwa wagonjwa 35 katika kila 100. Ikifuata kisu, vidonda vilisumbua kwa 17 tu, ila kipimo hupanda hadi grei 66 na eneo linalochomwa huwa pana zaidi, na miaka ikipita mguu huwa mgumu na kuvimba zaidi. Kidonda hupona, ugumu wa goti hubaki. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kupanda na kushuka chomboni mimi ningeiuliza kwa bidii ile ya kutangulia, nikijua kwamba foleni ya mashine na hali ya ngozi yake huweza kuwaelekeza madaktari kwingine.

Dawa za kuua chembe za saratani, ambazo kwa maradhi haya ni hasa doksorubisini, ile nyekundu, na ifosfamidi, hazina hukumu iliyokatwa kwa sarkoma iliyo bado mahali pake. Tafiti nyingine ziliona faida kidogo, nyingine hazikuona, na doksorubisini ikizidi kipimo hudhuru moyo. Kwa hiyo huzungumzwa kwa mgonjwa aliye katika hatari kubwa, mwenye moyo na figo nzima, na yeye mwenyewe ana haki ya kuuliza faida anayotarajiwa kuipata. Asione kwamba ametibiwa nusu kwa kutopewa.

Kabla ya kutia sahihi ya upasuaji, mgonjwa au msindikizaji wake aulize kwa adabu na bila haya: majibu ya biopsi yanasemaje kuhusu aina na daraja? Kifua kimepigwa picha? Aliyezoea kupasua sarkoma ni nani hapa, na ameiona picha? Mionzi itakuwa kabla au baada?

## Miaka inayofuata

Sarkoma ikirejea aghalabu hurejea katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, na hapo mgonjwa hupaswa kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, akipapaswa kovu na kupigwa picha ya kifua. Kisha mara mbili kwa mwaka hadi utimie wa 5, na baadaye mara moja kwa mwaka. Ugumu ni kwamba mvuvi anayetembea na kula vizuri haoni sababu ya kulipa nauli ya kwenda kuambiwa kuwa ni mzima. Lakini uvimbe mdogo uliorejea kwenye kovu huweza kukatwa tena kwa nia ya kuponya, na hata doa moja au mawili ya mapafu, yakionekana mapema, baadhi ya wagonjwa hufaa kupasuliwa ili yaondolewe. Ziara za katikati huweza kupangwa Bombo, kwa picha ya kawaida ya kifua, ikiwa hospitali iliyompasua imemwandikia barua yenye maelezo. Barua hiyo, pamoja na nakala ya majibu ya patholojia na karatasi ya vipimo vya mionzi, vikae kwa mgonjwa mwenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki, mahali ambapo mkewe na wanawe wanapajua.